Mtoto Niliyempandisha Ndege ya Goma

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa tiketi hata moja. Papa Kalenga, aliyekuwa shefu wa kituo chetu hapa Kamina, alinipa fimbo, akanionyesha mbuzi waliokuwa wakila majani katikati ya uwanja. "Hawa njo bakubwa ba hapa," akaniambia. "Ukiisha kubaondoa, utakuya tuongee kazi." Nikawakimbiza nikiwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu, na udongo mwekundu ukanipanda mpaka magotini. Ndege ilipotua, rubani alinishukuru kwa heshima nyingi, akidhani mimi ni mwenye mbuzi.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye kaunta. Msitafute humu habari za vyeo. Cheo changu kilibadilika, lakini ufagio wa biro, yaani ofisi, nilikuwa nao tangu mwanzo mpaka mwisho. Nataka kuwaachia mambo yasiyofundishwa Lubumbashi wanapowaita kwenye semina, na zaidi ya yote habari ya mtoto mmoja, maana mnamwona kila Jumapili akitoka misa na hamjui alipitia wapi.

Kwanza, mizani. Wakati wetu ilikuwa ya chuma, ya kupimia magunia ya mahindi, na kila abiria alipanda juu yake pamoja na mzigo wake. Wamama wa Bukama walikuwa wakija na samaki wakavu waliofungwa ndani ya kitambaa kiunoni, wakisema wana mimba. Papa Kalenga aliwapongeza, akauliza baba wa mtoto ni nani, kisha akawapima hivyo hivyo. Hakumgombeza mtu. Alisema ndege haijui tofauti ya samaki na mimba, inajua kilo tu.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha ni namna ya kupeleka habari mbaya. Ndege isipokuja, alisema, usibaki nyuma ya kaunta kama mtu aliyejificha. Toka, simama katikati ya watu, na useme jambo lenyewe kwanza, kabla ya salamu. Mtu akianza na salamu ndefu, watu wanajua kuna maiti. Na usiseme "ngojeni kidogo" kama hujui hicho kidogo ni kiasi gani. Sema hujui. Watakutukana leo, lakini kesho watakuamini.

Nililihitaji somo hilo mapema. Vita vya kwanza nilivyoviona kutoka kwenye kaunta vilikuja nikiwa bado mgeni kazini. Ndege zilichukuliwa kubeba basoda, yaani wanajeshi, viti vikang'olewa, na mafuta yote yakaenda kule vitani. Kulikuwa na bwana harusi mmoja kutoka Kaniama, kijana mrefu aliyekuja uwanjani amevaa suti yake kabisa ili isikunjike ndani ya valizi. Harusi yake ilikuwa Lubumbashi. Aliketi pale na suti yake mpaka kola ikawa nyekundu kwa vumbi, nami nikatoka nikamwambia kwamba ndege haiji na sijui itakuja lini. Akauliza kama anaweza kunitazama usoni nikisema tena. Nikasema tena. Alioa baadaye, lakini mwanamke mwingine.

Nilidhani nimekwisha kuona yote. Vita vile viliisha, au viliondoka huku kwetu, maana vita vya nchi hii ni kama moto wa majani: ukizimwa hapa unatoa moshi kule. Papa Kalenga alistaafu, akafa akiwa kwao Kabongo, na mimi nikakalia kiti chake. Ikaja miaka mizuri. Ndege yetu iliruka kwenda Lubumbashi, na kutoka pale abiria waliunganisha na ndege nyingine ya kwenda Kalemie na Goma. Kwetu sisi wenyeji, ndege ilikuwa starehe ya wenye haraka. Lakini kule kwenye baze ya jeshi kuna familia za basoda kutoka pande zote za Kongo, na kwa wake zao ndege ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa njia ya kwenda kumwona mama.

Mmoja wao aliitwa Faida. Alikuwa mtu wa Goma, mke wa askari mmoja mwenye cheo cha ajida, na alikuwa akiuza sabuni na samaki kwenye soko la baze. Nilimfahamu kwa sababu alikuja kwenye kaunta mara nyingi kutuma vifurushi kwa mama yake, na kila mara alibishana nami juu ya kilo kwa adabu kubwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Solange, aliyekuwa amemaliza miaka saba. Mume wa Faida alipopelekwa mashariki, na likizo ya Noeli ikakaribia, mama yake aliomba kwa simu aletewe mjukuu. Alikuwa mzee, hajamwona tangu akiwa mgongoni. Faida mwenyewe hakuweza kuacha soko. Basi wakakubaliana Solange asafiri peke yake na arudi shule zikifunguliwa.

Kumsafirisha mtoto peke yake ni kazi ninayowasihi msiifanye kwa haraka. Nilijaza karatasi na Faida akatia sahihi. Nilimvika Solange kile kimfuko cha shingoni chenye jina lake na majina ya watu watakaompokea. Nilimkabidhi kwa mhudumu wa ndege mkono kwa mkono. Nilipiga simu Lubumbashi, na Lubumbashi wakapiga Goma, ambako mwenzetu Bahati, shefu wa kituo cha kule, alimngoja chini ya ngazi na kumpeleka mwenyewe kwa kambo, yaani bibi yake. Jioni Bahati alinitumia ujumbe: mtoto amefika, amekula, amelala. Vita wakati ule vilikuwa mbali na mji, na ndege zilikuwa zinakwenda na kurudi. Nimerudia hatua zile kichwani mara nyingi, nikitafuta ile tuliyoikosea. Hakuna. Kila kitu kilifanywa sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tiketi ya kurudi ilikuwa tayari. Siku yenyewe ilipofika, ndege ya Goma haikuruka. Ilikuwa imechukuliwa kwa safari za vita. Wakatuambia wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, wakasema anga ya upande ule ina hatari na kampuni ya bima imekataa. Kisha asubuhi moja vita viliingia Goma penyewe na uwanja ukafungwa. Nilisikia kwenye redio nikiwa napiga pasi shati la kazi.

Faida alikuwa amefika uwanjani kabla yangu. Alikaa kwenye benchi la nje, amevaa vizuri, kama mtu aliyekuja kupokea mgeni. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Sikupita nyuma ya kaunta. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Faida, uwanja wa Goma umefungwa."

"Umefungwa mpaka lini?"

"Sijue."

"Mu ile mashini yenu," akauliza, "mutoto wangu iko wapi?"

Niliingia nikafungua mashini, ile kompyuta ya tiketi, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Jina la Solange lilikuwa pale bado, na mbele yake imeandikwa kwamba anangoja kurudi. Nikamwambia hivyo. Akaitika kwa kichwa, akashukuru, akaenda sokoni kuuza sabuni.

Kuanzia pale alikuja kila siku ya ndege, ingawa alijua ndege yetu inatoka Lubumbashi tu na haina mtu wa Goma ndani. Alitazama abiria wakishuka mpaka wa mwisho, kisha akaondoka. Simu za Goma zilishika siku moja na kukatika siku nyingi. Mara chache alimsikia Solange, na mtoto alimwambia mambo ya kitoto: paka amezaa, kambo anamfundisha kusuka mkeka, maji hakuna. Mume wake naye alipiga alipoweza, na hakusema yuko wapi. Mimi nilikuwa nikipiga kwa Bahati. Hakuwa na kituo tena wala ndege, lakini alikuwa akipita nyumbani kwa yule mzee kuangalia mtoto, na hakuna aliyemtuma.

Siwezi kuwaeleza abiria wote waliokwama miezi ile. Padri mmoja alikosa upadirisho wa mdogo wake. Wafanyabiashara wa Malemba-Nkulu, ambao wenyewe wanajua vita vya msituni kuliko redio, walikuja kuuliza kwa nini vita vya Goma vinazuia ndege ya Kamina. Niliwaeleza kuwa ndege ni chache, na zikiitwa upande mmoja, upande mwingine unabaki na mbingu tupu. Walielewa haraka. Mmoja alisema ni kama daktari mmoja kwa hospitali tatu.

Baada ya Pasaka, Faida alikuja siku isiyo ya ndege. Alisimama kwenye kaunta akaniambia atakwenda mwenyewe. Angepanda treni mpaka Kalemie, kisha mashua mpaka Uvira, halafu barabara, halafu Ziwa Kivu. Nilimwambia vita vimeshuka mpaka Bukavu na njia ile haina mtu wa kuisemea. Nilimwomba angoje.

"Mama Numbi, mi nimeisha kungoja," akasema. "Kama ndege inaogopa, minyi ntaenda pole pole kwa chini."

Nilimfungia mkate na mayai, nikamsindikiza mpaka gare, kituo cha treni. Treni ya kule, mnaijua: inaondoka ikitaka na kusimama ikichoka.

Siku mbili tatu baadaye simu ya Bahati iliingia. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na ndiyo maana nilikaa chini, maana mwenye kuingoja habari njema alikuwa amekwisha kuondoka. Kambo wa Solange alikuwa ameanza kuugua, na akiogopa kufa na mtoto mikononi, alimkabidhi kwa sista mmoja aliyekuwa anahamia Lubumbashi. Walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwenda Uganda, na kule wangepanda ndege ya kuzungukia nchi za nje. Ili kutoka Kongo kwenda Kongo mtoto alilazimika kuiacha Kongo kabisa. Bahati alikuwa amejaribu simu ya Faida tangu jana yake bila kumpata, akadhani mimi nitampelekea habari sokoni.

Nikamwambia Faida yuko kwenye treni.

Tulijaribu, siwezi kusema hatukujaribu. Simu yake ilikuwa imezimika. Nilipiga gare ya Kabalo, wakasema treni imepita. Nilipiga Kalemie kwa mwenzangu Kabange, ambaye tulikuwa tukisikilizana kwa simu kila wiki lakini hatujawahi kuonana. Nikamweleza sura ya Faida: mwembamba, kovu dogo kwenye kidevu, kitenge cha kijani. Kabange aliacha kazi yake akaenda gare, akamwita jina kati ya abiria wote wanaoshuka. Alikuwa amekwisha kushuka. Watu wakamwambia mwanamke kama yule amesikia mashua inaondoka na amekimbilia bandarini. Kabange naye akakimbia, mtu wa makamo mwenye goti bovu. Alipofika, mashua ilikuwa imeshaacha bandari. Alinipigia akiwa bado anahema, akaniomba msamaha kama kwamba kosa lilikuwa la goti lake.

Solange alifika Kamina kwa ndege yetu ya Lubumbashi. Sista alikuwa amemkabidhi kwa wenzetu, na wenzetu kwa mhudumu. Nilikuwa chini ya ngazi. Alikuwa amerefuka, amevaa sweta ya masista isiyo ya mwili wake, na alitazama benchi la nje kabla hajanitazama mimi.

"Mama iko wapi?"

Nilichuchumaa. Sikuanza na salamu. "Mama yako alienda Goma kukutafuta. Hatukumupata kwa simu. Amepita kwa treni na kwa mashua, na weye umekuya kwa ndege."

Hakulia. Aliniuliza, "Tulipishana fasi gani?"

Nikamwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na tangu siku ile nimejaribu kulikokotoa: labda yeye akiwa juu ya mawingu ya Uganda na mama yake juu ya maji ya Tanganyika.

Nilimchukua nyumbani. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilikuwa na nafasi. Nilimwandikisha shule, nikamsonga nywele, nikamfundisha kusalimia wakubwa na wageni kwa mikono miwili kama tunavyofanya sisi Baluba. Alitii kila kitu, na utii huo ndio ulionitia wasiwasi. Alikula bukari, ugali wetu, kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe, kama mtu aliyelala ugenini na asiyetaka kuwa mzigo. Sikumsikia akimtaja kambo yake hata mara moja.

Faida alifika Goma. Alipiga kutoka simu ya jirani, na alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakulalamika. Aliongea na mtoto kidogo mpaka laini ikakatika. Alipopiga tena alitaka kuzungumza nami peke yangu. Mama yake alikuwa hawezi tena kuinuka, na hakuwa na mtu mwingine; Faida angebaki naye. Simu iliyofuata ilikuwa ya msiba. Aliniomba nisimwambie Solange. "Ntamwambia mi mwenyewe, nikimuona na macho," akasema. Nikanyamaza miezi yote ile, na nawaambia kunyamaza mbele ya mtoto ni kazi kubwa kuliko kutangaza mbele ya abiria mia.

Njia ya kurudi ilimchukua muda mrefu kuliko ya kwenda, kwa sababu vita vilikuwa vimeshuka nyuma yake. Alizungukia Burundi na Tanzania, akangoja mashua, akangoja treni. Ilipokuwa ikisemwa kwamba treni iko karibu, nilikwenda gare na Solange mchana kutwa, tukarudi, tukaenda tena.

Faida aliposhuka karibu nisimtambue. Alikuwa na mfuko mmoja tu. Alisimama mbele ya mtoto, mikono yake imefunguka kidogo. Solange akatoka pembeni yangu, akapiga goti, akampa mikono miwili. "Jambo, mama," akasema. Ilikuwa salamu nzuri kabisa. Ndivyo nilivyomfundisha kusalimia wageni.

Faida akaipokea mikono ile. "Jambo, mwanangu," akajibu. Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, nami nikatazama treni.

Tulitembea mpaka nyumbani. Niliwapa maji ya kuoga, nikapakua chakula. Solange alikaa upande wangu wa meza. Alimeza tonge moja, kisha akauliza akiwa anaangalia sahani, "Kambo alibakia na nani?"

Hapo nikaelewa kilichokuwa kimemkaa moyoni miezi yote ile. Alikuwa amemwacha mzee mgonjwa nyumbani peke yake, akashikwa mkono na sista, akaenda. Watu wazima walimwambia aende, naye akaenda, lakini hakuna aliyemwambia nani alibaki.

"Alibakia na minyi," Faida akasema. "Nilifika bado iko anaongea. Aliniambia weye unajua kusuka mukeka kupita yeye. Nilimuosha, nilimulisha, nilimushika mukono mpaka akalala. Ameisha kwenda kwa Mungu, Solange. Hakukuwa yeye peke yake."

Mtoto aliweka tonge chini. Akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mwaka mzima, akazunguka meza akajitupa mapajani mwa mama yake, na Faida akamfunika na kitenge. Nilichukua sufuria nikatoka nje kuiosha, ingawa ilikuwa safi.

Nimefikiri sana juu ya mashua ile ya Kalemie. Kama goti la Kabange lingekuwa zima, Faida angerudi Kamina baada ya siku chache, na mama yake angekufa hana mtu. Kwa kuwa hatukumwahi, mzee alizikwa na mtoto wake, na Solange akakaa karibu mwaka kwa watu baki. Mtu akiniuliza lipi lilikuwa bora, simwambii. Nasikitika kwa yote mawili. Katika kazi yetu tulizoea kuuliza abiria anakwenda tu au atarudi. Hatukuuliza kamwe nani anabaki.

Walirudi kwenye baze, na mwezi ule ule nilikabidhi funguo za biro. Baba wa Solange bado yuko mashariki. Ndege ya Goma haijarudi, na watu wananisimamisha njiani kuniuliza itarudi lini. Nawaelekeza kwenu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Faida na Solange walipita kwangu. Darasa lote litakwenda Bukama kutazama mto na mashua, safari ya kwenda na kurudi, na walimu wao. Solange alikuwa amekwisha kuchagua nguo ya kuvaa. Faida alikuwa amekataa tangu Ijumaa. Mtoto akaniomba niseme neno, na mama yake akanigeukia kwa heshima ile ile ya siku alizokuwa akibishana nami juu ya kilo.

"Mama Numbi," akasema, "weye unajua safari. Unaona namna gani?"

Bukama ni hapo tu. Walimu ninawafahamu, mmoja nilimsimamia mtoto wake ubatizo. Nilifungua mdomo kusema mwache aende, nikaona Solange amenikazia macho, akingoja. Nikakumbuka kile kimfuko cha shingoni, na kwamba mara ile nayo hatukukosea hatua hata moja, nikafunga mdomo. Faida akamshika mtoto mkono, wakaaga, nami nikabaki mlangoni.